Jicho la Babu

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kuandika jina langu, niliambiwa kuwa jicho langu la kushoto ni la babu. Babu alifariki nikiwa bado tumboni, naye lake lilielekea puani kama langu. Bibi yangu wa Usagara hakuwa na shaka: jicho hilo lilikuwa bado linawatazama wafu, ndiyo maana mambo ya huku kwetu halikuyaona vizuri.

Daktari wa mjini alisema ni jicho vivu. Alimwagiza mama aniwekee plasta kwenye jicho la kulia, lililo zima, kila siku, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Likiachwa hivyo mpaka niwe mkubwa, alisema, halitaona tena sawasawa. Likizo ilipofika nikapelekwa kwa bibi na plasta yangu, na vita ikaanza. Kwa bibi, anayefunikwa macho ni maiti.

"Itoe hiyo, mjukuu wangu. Babu yako atakuita."

"Sitoi, bibi."

Nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi. Bibi naye hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto. Akaniwekea ungo wa mchele: nichambue na plasta yangu, na akiuma jiwe hata moja, plasta inatoka. Nilichambua kichwa kikiniuma, pua ikikaribia kugusa mchele. Niliogopa kuitwa, lakini upofu niliuogopa zaidi. Jioni bibi aliutafuna wali polepole. Mara akaacha kutafuna, akaitazama plasta yangu, kisha akameza. Kesho yake akaleta ungo mwingine, ikawa hivyo likizo nzima.

Matibabu yalipokwisha na macho yote mawili kuona karibu sawa, nilikwenda kumwamkia. Alikuwa ameosha kibuyu cha maziwa, akanipa nichungulie kama kimetakata. Siku zote nilichungulia kwa jicho la kulia. Safari hii, bila kuwaza, nilikipeleka kibuyu kwenye la kushoto.

"Basi babu yako ameamua kutazama maziwa," bibi alisema.

Mpaka leo, nikichungulia popote, la kushoto ndilo linalotangulia. Siku hizi nachambua mchele kwa macho mawili na miwani, na bado mawe yananipita. Kwa hiyo najua kwamba likizo ile, kwa jicho lile bovu, niliyaacha mengi. Bibi aliyameza.