Nilijenga front axle ya Paker nyumbani Kitengela, nikakosa koni moja

Wakuu, habari za huko mliko.

Wengi humu mnanijua kwa ule uzi wangu wa picha, wa front axle iliyojengwa chini ya kibanda cha mabati nyumbani kwangu. Mliusifu sana. Leo nimerudi kuuzika.

Nitasema yote, hata yale ambayo mke wangu ndiye pekee anayeyajua. Sitafuti huruma. Anayetaka kunitukana namwomba tu aniache nimalize kwanza.

Mimi ni mwalimu wa physics, Mbukusu wa Kimilili, niko na nyumba ndogo kwa ploti hapa Kitengela.

Rafiki yangu ni mfugaji wa Oltepesi, kule chini kwa barabara ya Magadi. Tulijuana akileta mtoto wa dada yake shuleni kwetu. Binti yangu Nanjala alipozaliwa, akatoka Oltepesi na kondoo mzima nyuma ya pickup, akamshusha mlangoni kwangu.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa kondoo, majina yenu ya zamani yanaisha hapo. Yeye anakuita Paker na wewe unamwita Paker, yaani watu wa kondoo. Yule kondoo tulimla wiki hiyo hiyo, lakini jina likabaki. Miaka saba. Mke wangu mpaka leo hajui jina la kitambulisho la huyo mtu.

Na si jina la kutaniana. Paker hanyimwi, na Paker hadanganywi. Hilo aliniambia siku ile ile, kondoo akiwa bado anakula maua ya mama Nanjala.

Sasa gari.

Ni pickup ya four-wheel, mzee kuliko wanafunzi wangu wote, aliachiwa na marehemu baba yake. Wakati wa ukame hiyo pickup ndiyo mto. Inabeba tangi la maji na hay ya ng'ombe, na mgonjwa yeyote wa kijiji akitokea.

Front axle ilikuwa imekufa. Seal za ndani zimeisha, oil ya diff inaingia kwenye grease, yote inatoka kwa tairi. Steering inatetemeka mpaka meno yanagongana. Fundi mmoja wa Ngong alikaa nayo wiki tatu, akairudisha ikivuja pale pale.

Nikamwambia, "Leta kwangu, Paker. Hii kitu ni physics tu."

Nilisema hivyo, wakuu. Maneno yangu mwenyewe.

Aliyewahi kufungua hizi axle za zamani anajua. Ukitoa hub, kinachomwagika ni uji mweusi. Unanuka, na hautoki kwa kucha hata kwa petroli. Mama Nanjala alininyima mabeseni yote ya nyumba, nikaoshea bearing kwa sufuria iliyotoboka.

Weekend mbili. Nilibadilisha seal, bearing za hub, na bearing za knuckle, ile sehemu tairi inageukia. Mnakumbuka ile picha nikipima uzito wa kuvuta knuckle kwa spring balance ya lab ya shule? Hiyo ilikuwa kazi safi, hata leo sitaikana. Kila kitu nilikipima. Nilikuwa nafurahia sana, na hiyo ndiyo shida.

Juu ya knuckle kuna mkono wa steering. Umeshikwa na stud nne, vile vyuma vya kufungia nati, na chini ya kila nati kuna koni ndogo ya chuma iliyopasuliwa upande mmoja. Ukikaza nati, koni inazama kwenye tundu na kuishika stud isicheze hata unywele. Koni ni kama kidole kidogo, lakini ndiyo inabeba kazi yote.

Kuzitoa, unagonga mkono na nyundo mpaka ziruke. Nilizitoa zote nane, pande zote mbili. Saba niliziokota. Ya nane iliruka kuelekea kwa sukuma wiki.

Nilitafuta, wakuu. Nilileta sumaku ya lab, nikaipitisha kwa udongo wote mpaka kwa banda la kuku. Nikapata misumari, vifuniko vya soda na kijiko chetu kilichopotea. Koni hakuna. Nikazunguka maduka ya spare ya Kitengela, kila mtu ananiambia ngoja Jumatatu.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Nikirudi nikampata Paker ameketi juu ya mtungi nje ya gate. Ng'ombe wake walikuwa na siku mbili bila maji.

"Sopa, Paker. Imeisha?"

"Imeisha," nikasema.

Hapa nataka niseme kitu kuhusu mkuu mmoja humu, anajiita Mzee wa Spana. Kwenye ule uzi, nilipoweka picha za weekend ya kwanza, aliniandikia hivi: Mwalimu, hizo koni zisipungue hata moja, na ukishaendesha kilomita chache urudie kukaza nati. Nilimjibu na vikatuni vya kucheka. Nikaandika, "Mkuu, torque nafundisha Form Three." Watu wakanipigia likes.

Jibu langu bado liko pale. Mnaweza kwenda kulisoma.

Basi nikachukua washa bapa ya kawaida, ile pete nyembamba ya chuma, kutoka kwa toolbox, nikaiweka mahali pa koni upande wa kushoto, nikakaza nati mpaka mkono ukauma. Nikajiambia zile tatu zitashika. Jumatatu nitanunua koni, niteremke Oltepesi, niiweke na kukaza zote tena. Ilikuwa mpango mzuri sana kichwani mwangu.

Lakini sikumwambia.

Ningemwambia, angeniuliza kama itashika, na ningelazimika kusema sijui. Kuomba gari la jirani mchana ule haikuwa ngumu. Kuacha pickup hapo mpaka Jumatatu haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni mimi kusema sijui, baada ya picha zile zote. Kiburi, wakuu. Hakina jina lingine.

Akapiga stati, akashika usukani, akacheka kama mtoto. "Paker, hii imekuwa laini! Hata ng'ombe inaweza kuendesha." Akaenda, akipitia Isinya ili ajaze tangi Kiserian.

Baadaye walimu wenzangu wawili wakapita kunisalimia. Nilikuwa nawaonyesha picha za axle kwa simu wakati simu hiyo hiyo ililia.

"Paker, nimeshajaza maji, niko hapa juu karibu nianze kuteremka. Kuna kitu inagonga huku mbele. Upande ya kushoto. Nikikata kona, tak, tak."

Wakuu, nilijua. Sitawadanganya kwamba nilidhani ni kitu kingine. Sekunde ile niliiona ile washa kabisa, bapa, imekaa juu ya tundu kubwa kuliko stud yake.

Na walimu walikuwa wananiangalia.

"Hiyo ni bearing mpya zinajipanga," nikasema. "Teremka polepole tu."

"Haya. Kama Paker amesema, mimi nateremka."

Akakata simu. Nami nikamaliza kuwaonyesha picha.

Baada ya Kona Baridi barabara inashuka sana, mnaijua. Hakufika mbali. Aliniambia baadaye kwamba usukani ulikuwa mwepesi ghafla, unazunguka tu, tairi la kushoto likaenda njia yake. Na tangi lililojaa maji linasukuma nyuma. Pickup ikalala kwa ubavu, ikamlalia mguu wa kulia. Wachungaji wa mbuzi ndio waliomtoa, wakitumia matawi na mikono.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Mfugaji, wakuu. Mtu ambaye kazi yake yote ni kutembea.

Niliyoyaona hospitalini sitayasahau. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Gari ni mzee. Barabara ni mbaya. Ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja.

Mke wake, mama Sanaipei, alinishika mikono miwili. "Asante sana Baba Nanjala. Kama si wewe kutengeneza hiyo gari, ingekuwa imemuua kitambo."

Nikasema, "Ni Mungu, mama."

Hilo jibu linanisumbua kuliko hata ile simu.

Pickup ilivutwa mpaka kwao, ikawekwa nyuma ya boma. Nilienda kuiangalia peke yangu, nikasema nataka kuona kama itatengenezeka. Stud mbili zimekatika, nyingine imechomoka na koni yake. Ile ya nne bado ilikuwa imesimama, na washa yangu imeganda hapo na grease, imepinda.

Niliifungua nikaiweka mfukoni. Niliificha, wakuu. Mwalimu mzima.

Nilikaa nayo wiki tano. Kila Jumamosi nilienda kumwona, nabeba unga, nabeba sukari, namletea habari za Kitengela. Na kila Jumamosi, kutoka kitandani, ananiita Paker. Nilianza kuogopa kufika.

Kilichonivunja ni ng'ombe. Nyasi ziliisha kabisa, ndugu yake akawachukua waliobaki kuwahamisha upande wa Ewuaso Kedong. Nilifika siku hiyo wakitoka. Paker alikuwa kwa kiti cha plastiki mlangoni, magongo pembeni, anamwita kila ng'ombe kwa jina akipita. Wa mwisho alipotoka, aliendelea kuangalia pale pa kutokea. Kengele zikasikika muda mrefu sana.

Nikatoa washa, nikamwekea mkononi. Nikamwambia yote. Koni, sukuma wiki, duka la spare, Jumatatu.

Aliigeuza geuza. Hakuwa na haraka.

"Hii ndiyo ilikuwa pale?"

"Ndiyo."

"Sasa niambie kitu moja. Ile saa nilikupigia nikiwa juu. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini hilo nilikuwa nimeomba lisije.

"Nilijua."

Mama Sanaipei akaleta chai, hajui chochote. Paker akamwambia aniongezee maziwa, kwa sababu mimi napenda maziwa mengi. Nikanywa chai ile ikiwa moto hivyo hivyo, nikilia, na yeye anaangalia boma tupu. Hakunitukana. Hakuinua sauti hata kidogo. Ningelipa chochote anitukane.

Nilipoinuka, akanirudishia washa.

"Beba. Ni yako." Halafu akasema, "Safiri salama, Mwalimu."

Mama Sanaipei aligeuka akamwangalia. Alidhani mumewe amekosea jina.

Wakuu, funzo langu ni fupi. Ukifanya kazi ya mikono nyumbani, fanya, sikukatazi. Lakini siku utakayokosa kitu, kiwe kidogo namna gani, sema kwa sauti mbele ya mwenye gari, kabla hajapiga stati. Na mtu akikupigia simu kukuuliza, usijibu wale wanaokuangalia. Mjibu yeye.

Mzee wa Spana, kama bado uko humu, ulikuwa sawa na nilikucheka. Nisamehe. Nimewaomba ma-mod wauweke huu uzi juu ya ule wa picha, ili mtu asije akajifunza kwangu nusu.

Kama kuna aliyewahi kumkosea mtu hivi, na akapata njia ya kurudi, aniandikie hapa chini. Kondoo mwingine siwezi kumpeleka, nimeambiwa na wazee kwamba haifanyi kazi hivyo. Matusi pia nitasoma.

Jana nilimpigia simu kumjulia hali. Alishika. Akaongea na mimi vizuri kabisa, akauliza Nanjala anaendeleaje na shule, akasema huko kwao kumenyesha kidogo.

Aliniita Mwalimu mara tatu.