Paka Aliyenyonya Sufu

Sauti ile ilikuwa ya kichanga kabisa. Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga wa mtama, akidhani kuna mtu amekuja kututupia mtoto uani, kumbe sauti inatoka ndani ya kapu la shangazi Nyangeta, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka basi la kutoka Musoma. Shangazi alikuwa mpishi wa daktari mmoja mzungu kule mjini; mzungu karudi kwao, nyumba imefungwa, yeye akabaki na paka. Alipofunua kapu, sote tuliokuwa uani kwetu Nyamuswa tulirudi nyuma. Paka gani huyu? Mwili rangi ya maziwa yaliyotiwa majani kidogo ya chai, lakini uso, masikio, miguu yote minne na mkia vyeusi, kama aliyetumbukiza kichwa kwenye chungu. Na macho, jamani, bluu ile ya kufulia nguo nyeupe.

"Nyangeta, umetuletea nini?" Mama akauliza.

"Paka, wifi."

"Paka analiaga hivyo?"

Paka mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndefu, na Mama akakaa chini. Tukamwita Masizi.

Sisi paka tulikuwa nao, lakini wa kihenge, ghala letu la nafaka. Kazi yao panya, hawana majina, na ukimkuta mmoja ndani unamtoa kwa ufagio. Masizi hakutaka kihenge, alitaka watu. Nikienda kisimani ananifuata kama mbwa, njia nzima anaongea, na nikinyamaza anapandisha sauti mpaka nimjibu. Mlango ukifungwa anaulilia kama aliyefiwa. Ukimrushia gunzi la muhindi analikimbilia, analileta, analiweka mguuni pako na kukukazia macho. Usiporusha tena, anakuuma kisigino. Baba yangu hakuwahi kucheza na mtoto wake hata mmoja, lakini siku moja nilimfuma nyuma ya zizi akimrushia paka gunzi. "Ondoka hapa," akaniambia, na gunzi bado analo mkononi.

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Kaka zangu wawili walikuwa wameoa. Wifi Ghati, mke wa kaka Magesa, alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Masatu. Wifi Bhoke, mke wa kaka Marwa, alikuwa ametoka kwao Buswahili juzijuzi tu, bado hajapata mtoto. Bhoke alikuwa msichana wa kucheka, na mimi nilikuwa mkia wake: tukachume pamba, tukateke maji, anisuke nywele huku akinisimulia habari za kwao. Alikuwa amefundishwa kufuma na akina mama wa kanisa, akamfumia Masatu kofia ya sufu, nyekundu, ina kishada juu. Siku ya tatu kofia ikapotea. Jioni ile ile mtoto akashikwa na homa.

Kwetu nguo ya mtoto mchanga haikupotea hivi hivi. Nguo ina jasho lake, na aliyeichukua anajua anaipeleka wapi. Tulipekua ua mzima, mpaka majivu ya jikoni tukayachambua. Hakuna.

Kesho yake mchana, nikiwa peke yangu naanika udaga wa muhogo juu ya mwamba, nikamwona Masizi anatoka nyumba ya Ghati na soksi ya mtoto mdomoni. Nikamfuata kwa kunyata. Akaingia chumba cha pamba, akapanda lundo mpaka juu kabisa, na pale, katika shimo alilojichimbia, ilikuwapo kofia nyekundu. Akajilaza juu yake, akawa anaikandakanda kwa miguu ya mbele na kuinyonya, macho kafumba, kama ndama kwa mama yake. Nilishika mdomo. Paka mzima, dume, ananyonya kofia! Nilitaka kupiga kelele, kisha nikakumbuka kwamba Baba alikwisha kuapa: aliyegusa nguo ya mtoto yule, mtu au mnyama, hatalala tena uani kwake. Nikamwona Masizi ndani ya gunia, gunia linatupwa mtoni. Nikashuka kimya.

Asubuhi iliyofuata, baada ya uji, Baba akatukalisha.

"Kofia haina miguu," Ghati alisema. "Na sasa soksi! Aliyeifuma kofia ndiye aliyejua ataichukua lini."

"Dada, nimfanye nini Masatu? Si ninamwogesha mimi kila siku?"

"Ndiyo maana ulikuwaga unamwogesha!"

Mzigo wa Bhoke ukafunguliwa mbele ya watu wote, kitenge kwa kitenge, mpaka nguo zake za ndani. Kaka Marwa alitazama chini. Hawakukuta kitu, na kutokukuta kukawa ushahidi kwamba amekwisha kuipeleka kwa mganga. Bhoke akanigeukia. "Wifi mdogo, wewe tunashindaga wote. Waambie."

Masizi alikuwa amekaa dirishani anajilamba mguu. Nikamtazama yeye, nikamtazama Bhoke, machoni kabisa, nikasema, "Mimi sijui."

Akafunga mzigo wake akaondoka. Hakulia, ananitazama tu, kama anayejaribu kunikumbuka jina.

Siku nne baadaye tulishindilia pamba. Watoto ndio tulioingia magunia, tunakanyaga, wakubwa wanatia. Kaka Marwa akachota kumbatio kubwa kutoka juu ya lundo, na kofia ikadondoka, imetafunwa upande mmoja, imejaa manyoya ya rangi ya maziwa. Ghati aliiokota, akaigeuzageuza. Masatu alikuwa mgongoni kwake anacheka, homa ilikwisha kumtoka zamani. Masizi akaja mbio, akamlilia ampe kofia yake.

Baba hakumgusa paka. Alinitazama mimi, ndani ya gunia, pamba mpaka kifuani. "Ulijua?"

"Nilijua."

Sikupigwa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Baba alimfunga kondoo wa kuomba radhi nyuma ya baiskeli, akaenda Buswahili na kaka Marwa, wakarudi jua likizama bila Bhoke. Kondoo walimwacha. Mama alipouliza, Baba akasema, "Bhoke amemsamehe Ghati. Amesema ya kofia yameisha. Harudi kwa sababu ya huyu mtoto," akaninyooshea kidole.

Sasa naishi Musoma kwa mjukuu wangu Nyabise, na mwaka huu kaleta paka. Uso mweusi, macho ya bluu. Nilimwaga chai. Nyabise akacheka, akanisomea kwenye simu: bibi, hawa ni paka wa Siamu, wanaongea sana, wanarudisha vitu kama mbwa, na wengine wananyonya sufu, hasa walioachishwa ziwa mapema. Ameficha masweta yote kabatini, basi, mambo yamekwisha. Jambo lililovunja nyumba ya kaka yangu, wenzetu wanalijua na kulichekea! Nyabise ananifariji kwamba zamani hatukuwa na simu, hatukujua. Wengine, ndiyo, hawakujua. Mimi niliona kwa macho yangu, mchana kweupe. Nasikia Bhoke yuko Bunda kwa binti yake, mzima, anaona vizuri. Mabasi ya Bunda yanapita hapo barabarani kutwa nzima, na mimi sijapanda hata moja.