Miti Minne ya Uzio wa Mtoni

Niling'oa miti minne ya uzio wa kutekea maji. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ninayoandika hapa yanachekesha, na najijua: nikianza na ya kuchekesha sitafika kwenye lenyewe.

Kwetu ni Usangu, ukingoni mwa Ruaha, na Ruaha una mamba kama bweni letu la shule lilivyo na kunguni. Ndiyo maana mahali pa kuteka maji pamezungushiwa miti. Kila mwaka mafuriko yakishapungua, wanaume wanakata miti minene kama paja, wanaichonga ncha, wanaisimika ndani ya mto kwa nusu duara, mti kwa mti, hata kichwa cha mbuzi hakipiti. Maji yanaingia, samaki wadogo wanaingia, mamba anabaki nje akimeza mate. Humo ndani mama zetu wanainama na madebe yao, wanasengenya watu kwa amani. Kila nyumba ina kipande chake cha kusimika. Kipande cha nyumba yetu unakijua hata usipoambiwa, maana baba yangu ni mtu wa kunyoosha mambo, na miti yake imesimama kama askari wa gwaride.

Hiyo ndiyo miti niliyoing'oa. Nilijiambia ni ya kwetu, sijamwibia mtu.

Chanzo ni sinema. Muhula uliopita gari la sinema la serikali lilikuja shuleni kwetu Iringa, wakatundika shuka jeupe, tukakaa chini. Kwanza wakatuonyesha namna ya kuchimba choo. Kisha namna ya kunawa mikono baada ya choo. Halafu, nadhani kwa kutuonea huruma, wakaweka vipande vya Ulaya, na katika kimoja alikuwamo mwanamke wa Kizungu amesimama juu ya maji. Hazami! Miguuni ana mbao mbili, mkononi kamba, mbele motaboti inamvuta, naye anapunga mkono kama mtu anayesimamisha basi.

Kesho yake hakuna aliyesikiliza hesabu. Mwalimu wa dini alihangaika kutueleza kwamba habari ya Petro ni nyingine na hii ni injini tu. Mimi nikasema, tena kwa sauti, "Hicho nacho kitu? Sisi kwetu tunafanya hivyo kila likizo. Na mto wetu una mamba."

Darasa lote likanigeukia.

"Motaboti mmeipata wapi ninyi Wasangu?" mmoja akauliza. "Au anayewavuta ni bibi yako?"

"Maksai," nikasema.

Neno lilinitoka tu, sikulifikiria. Lakini lilipokwisha kutoka nikaliona zuri, na nikasafiri nalo mpaka nyumbani likizo ilipofika.

Huko nyumbani yuko mtoto wa mjomba, rika langu, ambaye hakwenda shule na anaongea na ng'ombe vizuri kuliko anavyoongea na watu. Nilimweleza mpango wote. Aliuliza swali moja tu.

"Anayevutwa nani, anayeswaga nani?"

"Navutwa mimi, unaswaga wewe."

"Basi sioni ubaya wowote."

Tulichagua mchana, saa ambayo watu wote wako mashambani wanavuna mpunga. Tukachomoa ubao wa nyuma wa mkokoteni wa mjomba, tukaunga kamba mbili za ngozi, tukafunga kwenye nira. Ukingo pale ni tambarare, maksai wanaweza kukimbia sambamba na maji mpaka kwenye uzio. Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Yule mwanamke wa Ulaya alipochoka alizama taratibu akicheka, lakini katika Ruaha mtu aliyekaa majini anangoja kuliwa kama tonge lililokwisha chovywa mchuzi. Nikawaza kisomi. Nikasema tutoe miti minne upande wa juu wa uzio, ubao uje na mwendo wake uingie moja kwa moja, nishukie ndani kwenye usalama.

Mtoto wa mjomba akanitazama. "Mlango ukiwa wazi kwako, kwake umefungwa na nani?"

"Dakika tano tu. Halafu tunairudisha."

Tukaitikisa mpaka ikalegea, tukaing'oa.

Mara ya kwanza nilivutwa nimelala kifudifudi, nikanywa maji ya kutosha familia. Mara ya pili nilipiga magoti. Mara ya tatu nilisimama. Nasema kweli, nilisimama, ubao unapiga maji pa! pa! pa!, na upepo unaingia mdomoni. Nilisimama kwa muda wa kusali Baba Yetu kuanzia mwanzo mpaka kwenye riziki. Nikaachia mkono mmoja nikapunga, ingawa hakuwapo wa kupungiwa. Hapo nikaona, kwenye mchanga wa ng'ambo, gogo nililokuwa nimelizoea toka tulipofika likiingia majini bila sauti.

"Kaa chini! Kaa chini we mjinga!" mtoto wa mjomba akapiga kelele, na mjeledi ukalia. Maksai wakaruka. Ubao ukapita pale penye pengo kama nilivyopanga, mimi nikapita juu ya ubao kama nisivyopanga, nikatua kwenye ngazi za udongo, pua kwanza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye aliigiza nilivyoruka, mimi nikaigiza alivyopiga kelele, tukaanza tena.

Miti tuliirudisha hivi: miwili tuliisukuma kwenye tope kwa mikono, bila kitu cha kupigilia. Wa tatu ulikuwa umevunjika. Wa nne mto ulikuwa umeuchukua. Tukamsikia mjomba kwa mbali akiuliza ulipo ubao wa mkokoteni wake.

"Tutarudi na nyundo," nikasema.

"Leo?"

"Leo hii."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ametoka shambani, ameshapika. Nikala ugali na perege wawili, nikanawa, nikaegemea ukuta nikiwaza nitakavyosimulia bwenini. Nasema ukweli ulivyo: nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka nilipomwona mama anasokota kitambaa chake kuwa ngata na kuchukua debe.

Baba alikuwa palepale uani, ananoa mundu. Kusema mbele yake kwamba nimeng'oa miti yake kulihitaji mtu mwingine, si mimi. Nikasema, "Mama, lete debe. Leo nitakuchotea mimi."

Kwetu kijana wa umri wangu habebi maji kichwani. Akibeba, atachekwa mpaka aoe. Mama akasimama na debe mkononi, uso wake ukafunguka wote.

"Mnasikia? Iringa wamemfundisha mwanangu huruma."

"Wamemfundisha kukwepa mavuno," baba akasema bila kuinua kichwa.

"Mwache. Kaa tu, baba," mama akaniambia mimi, kwa sauti ile anayoniitia akiwa amefurahi. "Kaa upumzike, umekuja likizo. Mwaka huu hata sijakupikia vizuri."

Akaenda zake, akiimba wimbo wa kanisani.

Mimi nikakaa. Hapo ndipo penye kosa langu kubwa, hata kuliko la kule mtoni. Nilikaa kitako, nikausikiliza wimbo ukienda. Nikajiambia mamba hajui habari ya pengo. Nikajiambia mama ataliona mwenyewe, ingawa nilijua upande ule una matete na jua la alasiri linampiga mtu machoni. Nikajiambia wanawake wengine watakuwapo. Baba alikuwa ananoa mundu, shwa, shwa, na mimi nikamtazama mkono. Wimbo ulipokwisha kusikika, sijui uliishia mtoni au uliishia kwa umbali tu, niliinuka nikakimbia.

Alikuwa peke yake. Amesimama ngazi ya mwisho, maji kwenye vifundo, ameinama, anasukuma povu kwa debe ili apate maji safi. Mgongo wake ulikuwa umeelekea pengo. Ile miti miwili tuliyoisukuma kwa mikono ilikuwa imelala. Hakukuwa na kitu cha kuona, ila lile povu nyuma yake, lililokuwa limetulia, likaanza kupasuka mstari mmoja, polepole, kuja.

Nilitaka kupiga kelele, "Mamba!" Kilichotoka ni, "Mama, miti nimeing'oa mimi!"

Mama mwingine angeuliza miti gani. Wangu, akisikia kosa, mwili wake unatangulia. Aliliacha debe palepale, akapanda ngazi mbili kwa hatua moja kuja kushika sikio langu.

"Umeng'oa nini?"

Nyuma yake debe likalia kama bati linaloangukiwa na jiwe. Akageuka. Tuliona taya zikifunga, debe likikunjika kama jani la mgomba, mkia mmoja, basi. Maji yakajifunika.

 Mama alikaa chini kwenye nyasi, akafungua khanga yake, akaifunga. Akaifungua tena, akaifunga tena.

Nilikimbia kuita watu; wanaume walikuja na mikuki na miti mipya, jua likiwa bado lipo. Baba alinisimamisha ndani ya maji mpaka kiunoni, nishike kila mti wakati yeye anapigilia. Kila pigo lilinifika kwenye meno. Mtoto wa mjomba alikuja bila kuitwa, akaingia majini akasimama upande wangu, akashika mti wa pili. Hakuna aliyemtaja, angeweza kukaa kwao. Hata leo sijamwambia asante. Tulipomaliza baba aliitazama miti, akaunyoosha mmoja uliokuwa sawa tayari, akaenda nyumbani bila kunigusa. Afadhali angenichapa.

Bwenini nimewasimulia maksai, na ubao, na kusimama. Wamecheka sana, wengine wameamini. Nikifika kwenye kuanguka kwa pua nasema hadithi imeisha.

Lakini kulipokucha, kesho yake baada ya siku ile ya miti, mama alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Nilimsogelea nikachuchumaa, nikachukua kifuniko nikaanza kukisugua. Hakunitazama.

"Jana uliposema unanichotea maji," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukusema?"

"Baba alikuwapo. Niliogopa fimbo."

Akamwaga mchanga, akachota mwingine.

"Fimbo ngapi?"

Nikapiga hesabu kwa uaminifu, maana aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Sita. Baba hazidishi sita."

"Sita," mama akasema. "Na mimi nilidhani kwako nafika hata fimbo kumi."