Mkono Uliorusha Jiwe

Mdogo wangu alipookoka, nyumba yetu ya Sekei ilipata usingizi. Kabla ya hapo alikuwa Mererani akichimba mawe, akarudi na kikohozi, pombe na kisu kidogo alichokuwa akikificha ndani ya soksi. Mama alikuwa halali mpaka asikie amerudi, na akirudi hakulala kwa sababu amerudi. Sisi ni Walutheri wa kutoka Machame, watu wa kuimba kwa kitabu na kukaa chini wimbo ukiisha. Kikundi alichojiunga nacho kilikutana kwenye gereji Jumamosi, mafundi wakishafunga kazi. Waliimba kwa mikono na miguu, walifunga kula, walilia kwa sauti. Mama hakuzipenda kelele zile, lakini kisu kilitoka kwenye soksi. Akasema Mungu ana milango mingi, na mtu aliyepotea haulizwi ameingilia upi.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilimwagwa chini sokoni, vibanda vya video vilionyesha watu wakipigana mateke tangu asubuhi, magazeti mapya yalizaliwa na kufa kabla hujazoea majina yake. Viwanda vilipunguza watu, na vijana waliotegemea kurithi kazi za baba zao walikaa vijiweni wakitazama magari ya watalii yakipita. Utotoni mwangu kitabu kiliweza kuagizwa kutoka mbali kisifike, na hakuna aliyeuliza kimeishia wapi. Sasa vilifika. Nilidhani zama za mtu mwingine kunichagulia la kusoma zimekwisha. Nilikuwa natazama serikalini, kumbe katazo lilikuwa linavua viatu mlangoni kwetu.

Liliingia na gunia.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amen. Gunia la nini?"

"Tunasafisha nyumba. Kiongozi amefundisha kwamba vitabu vingine vina roho zinazokaa ndani."

Alipita kwenye rafu yangu kama mtu anayechambua maharage. Akainua riwaya moja ya upelelezi, jalada lake lina mwanamke.

"Huyu amevaa nini?"

"Amevaa bastola," nikamjibu.

Mama alicheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu hakucheka. Nikamuuliza kama ameisoma. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kusoma ndiyo kujiingiza. Kisha akaitia gunini, akanitazama jinsi watu wanavyotazama nyumba yenye mgonjwa wa kuambukiza, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Hasira zake za Mererani nilizizoea, zilikuwa zinapoa. Upole ule haukuwa na mahali pa kupoa.

Chini ya nyumba yetu, ng'ambo ya mfereji, aliishi mwalimu mstaafu. Alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mjane, mwenye mbuzi wachache na kabati mbili za vitabu alizoziweka barazani ili kila mpitaji aone. Alimwazima yeyote aliyejua kusoma. Kanisani alikaa benchi la mbele. Kwenye kabati zake kulikuwa na kitabu cha mila za Waarusha, chenye habari za jando na laana, na kingine cha mwili wa binadamu chenye michoro yote. Vijana wa gereji waliviita vitabu vya giza.

Walimwendea Jumamosi moja ya Julai, wingu la Meru likiwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Walipita mbele yetu wakiimba. Niliwafuata kwa sababu mdogo wangu ndiye aliyebeba gunia, na njia nzima nilimtazama yeye tu. Niliogopa atafanya jambo litakaloturudisha kulekule tulikotoka.

Kiongozi wao alikuwa mchomeaji wa pale gereji, kijana mrefu mwenye sauti ya kujaza uwanja.

"Mwalimu, toa vitabu vya giza!"

"Shikamoo kwanza," mwalimu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nusu ya kundi likaitikia lenyewe, kwa mazoea: "Shikamoo!"

"Marahaba. Haya, vipi?"

"Kile cha mizimu," kiongozi akasema. "Na kile cha uchafu, cha mwili."

"Kile cha mwili ni cha biolojia. Si wewe ulikiazima? Ulikaa nacho mpaka nikakufuata gereji."

Wakacheka. Walikuwa bado vijana. Kicheko kiliwatoka kabla hawajakizuia. Niliona shingo ya kiongozi ikivimba, nikajua kwamba sasa vitabu si kitu tena. Akawaamuru wapande barazani. Wakapanda. Kabati zikafunguliwa, vitabu vikaanza kutupwa ndani ya gunia.

Mwalimu hakugombana. Alishuka uani, akainama, akang'oa nyasi, akazinyanyua juu kwa mkono mmoja. Nilidhani alikuwa anatafuta kitu kilichomdondoka. Sisi wa Kilimanjaro hatukulelewa na jambo hilo. Lakini vijana wawili wa Kiarusha waliokuwa kwenye kundi waliacha kuimba papo hapo, na mmoja akaweka chini vitabu alivyoshika.

"Jamani tuache," akasema. "Ameshika nyasi."

"Nyasi za nini?"

"Anaomba amani. Mtu akishika nyasi haguswi."

Mwingine nyuma akapiga kelele, "Anatuloga! Mnaona? Anatuloga mchana kweupe!"

Jiwe likapita juu ya vichwa vyetu. Lilimpata juu ya jicho. Mwalimu akakaa chini polepole, kama anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe, damu ikimwingia jichoni, nyasi bado ziko mkononi. Kundi zima likakimbia. Na mdogo wangu, ambaye sikuwa nimemwondolea macho, alikuwa amesimama barazani, mikono yote miwili imekumbatia gunia. Hilo nililiona. Mkono uliorusha sikuuona, kwa sababu nilikuwa namlinda yeye kwa macho yangu.

Habari zilipanda Oldonyo Sambu upesi kuliko gari. Kwa Waarusha, kupiga mzee ni ugomvi, na ugomvi una dawa zake. Kumpiga mtu aliyeshika nyasi ni jambo jingine; linagusa ukoo, linagusa hata ng'ombe. Vijana wa ukoo wake wakashuka. Walisimama kwenye mfereji na fimbo zao, hawarushi kitu, hawavunji kitu. Walisimama tu, tangu umande mpaka jua kuzama, wakitazama mlango wetu, maana gunia lililobaki barazani lilikuwa letu, na kila mtu alijua nani alilibeba.

"Mama Mchaga!" mmoja akaita siku moja mama alipokuwa anaanika nguo. "Mtoe huyo layoni wako tumfundishe kusoma!"

Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na kumwita hivyo kijana wa umri wake ni kumvua nguo. Mama aliendelea kuanika. Nguo ile aliyoishika aliianika, akaianua, akaianika tena.

Wazee wao wakaita kikao uani kwa mwalimu, vijana wote wa kundi na wazazi wao. Mwalimu alikaa pembeni, kichwa kimefungwa bendeji, hakusema neno. Mzee aliyeongoza alikuwa na blanketi begani na Biblia ya Kimaasai kwapani, kwa kuwa alikuwa pia mzee wa kanisa kule kwao. Agizo lake lilikuwa fupi. Kila kijana ang'oe nyasi, aziume, aseme: kama ni mimi niliyerusha, nyasi hizi zinimalize.

Wakaanza. Wengine walizitazama kwanza, wengine waliuma haraka kama dawa chungu. Kiongozi wao alichukua nyasi zake bila kusita, akauma, akasema maneno yote kwa ile sauti yake ya uwanjani, akatema, akarudi mahali pake.

Zamu ya mdogo wangu ikafika.

"Siapi," akasema.

"Unasemaje?"

"Injili imekataza kuapa, mzee wangu. Sikurusha jiwe. Lakini siapi kwa nyasi wala kwa kitu chochote."

"Injili naijua, kijana."

"Basi unajua."

Mnong'ono ulipita uani, na vijana wa fimbo wakasogea hatua. Nilielewa mtego wote kwa mara moja: mwaminifu wa kweli katika kundi lile alikuwa mmoja, na uaminifu wake ulikuwa umefanana na kukiri. Nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi nilikuwepo. Mikono yake ilikuwa imekumbatia gunia jiwe liliporushwa."

Mzee alinijibu bila ukali. "Binti yangu, mmelala tumbo moja. Tungeshangaa kama ungesema lingine."

Wakatupa muda mpaka kikao cha pili. Mdogo wangu aume nyasi, au amtaje aliyerusha. La sivyo maneno ya laana yatasemwa juu ya aliyerusha, na juu ya anayemficha.

Nyumbani mama alimfuata kila chumba.

"Si uume tu, mwanangu. Ng'ombe wanaziuma kila siku."

"Nilimwahidi Bwana, mama."

"Bwana hatakupiga rungu. Hawa watakupiga."

Mama hakuamini laana. Alibatizwa akiwa mchanga, na bibi yake kabla yake. Lakini tangu siku ile alizoea kumgusa mdogo wangu paji la uso kila asubuhi, akisingizia kumtengeneza kola.

Nilimkuta mdogo wangu jikoni anaosha sahani, nikamuuliza kama alimwona aliyerusha. Siku ile alikuwa amesimama barazani, juu kuliko sisi wote, uso umeelekea kundi. Lazima alimwona. Akaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Tulikubaliana mambo ya kikundi hayatoki nje ya kikundi," akasema mwishoni.

Nimelitafakari jibu lile miaka yote hii. Watu wananiuliza kwa nini naogopa mtu anapokataza kitabu, hata kitabu kibaya, hata akikataza kwa nia njema na machozi machoni. Naogopa kwa sababu nililiona katazo likikua ndani ya nyumba moja. Lilianza kwa jalada lenye mwanamke na bastola, jambo la kuchekesha. Likahamia kwenye kabati la jirani. Mwishowe lilikuwa limekaa kwenye koo la mdogo wangu mwenyewe, na hakuweza kusema alichokiona kwa macho yake. Na sisemi imani ndiyo ilimfunga. Imani ndiyo iliyomkataza kuapa uongo mbele ya fimbo zile, na mimi, niliyesoma vitabu vingi kuliko yeye, ningeuma nyasi hata gunia zima.

Mchana wa siku iliyofuata mdogo wangu alivaa shati lake la kanisani, akavuka mfereji. Vijana wa fimbo walimwacha apite, labda kwa mshangao. Nilimfuata mpaka kwenye ua wa michongoma, nikabaki hapo nikisikiliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Mbuzi mmoja alikuwa anakohoa.

"Mwalimu, nimekuja kusema. Aliyerusha jiwe ni sisi."

"Sisi haina mkono," mwalimu akasema. "Mimi nilipigwa na mkono."

Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi, kile kikohozi cha Mererani kikimkwaruza. Kisha akamtaja kiongozi wake. Alilitaja jina kamili, na la baba yake.

"Najua," mwalimu akasema. "Nilimwona tangu anainama kuokota."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi ni mzee mmoja niliyegombana na waliookoka. Ningesema peke yangu, kesho yake ingetangazwa kwamba napiga vita wokovu. Nilihitaji mmoja wenu." Akaishika bendeji yake. "Utasema hivyo mbele ya wazee?"

"Nitasema."

"Kiongozi wenu anajua unapolala?"

Mdogo wangu akageuka kutazama geti letu ng'ambo ya mfereji.

Alifanya kama alivyoahidi. Kwenye kikao cha pili alisimama akasema jina, hakuapa, na safari hii wazee walimwamini, kwa kuwa mwenye jina hakufika. Maneno yakasemwa juu ya mtu asiyekuwepo, kwa Kimaa, lugha yao, kwa sauti ya chini, vijana wa fimbo wakiitikia kila kituo. Sikuelewa neno hata moja, lakini nywele zilinisimama. Jioni ile hawakurudi kwenye mfereji.

Tulidhani tutapumua. Kiongozi hakukimbilia popote. Kesho yake alionekana gereji, anachomea kama kawaida, miwani nyeusi usoni. Kundi halikumwacha; walisema mdogo wangu ndiye aliyeanguka, amewauza watakatifu kwa wapagani. Jumamosi waliimba tena, na kwa mara ya kwanza waliimba wakielekea upande wetu. Mtu akatupia uani kwetu riwaya yangu ya upelelezi, jalada limechomwa mahali pa uso.

Mdogo wangu aliacha kwenda gereji, lakini hakuacha kusali. Alisali chumbani kwake, kimyakimya, na mlango ameuegemezea kiti.

Geti letu la chuma lilikuwa kazi ya yule kiongozi. Alilichomea mwenyewe mwaka ule mdogo wangu alipookoka, akatupunguzia bei kwa ajili ya Bwana, na hakuna aliyejua komeo lake kumzidi. Mama akamwita fundi mwingine kutoka mjini aje alibadilishe. Fundi alikuja, akatandika gunia lake chini, akapanga vifaa, akalipapasa geti kwa heshima ya mtu anayejua kazi nzuri.

"Nani alichomea hili?"

Mama akamtajia.

Fundi aliliachia geti taratibu. Akaokota nyundo, akaokota koleo, akakunja gunia lake, akamwomba mama radhi kwamba hagusi kazi ya mtu aliyelaaniwa, akaondoka bila hata kunawa mikono.