Masale Kwenye Nyasi za Bibi Jirani

Nianze na upumbavu wangu, maana wenzangu nao wakikutana nami huanza na huohuo: nilipanda masale kwenye nyasi za jirani. Mchagga mzima, mwenye elimu ya sekondari, niliyezaliwa ndani ya uzio wa masale! Kwetu Uru, sale, mmea wetu wa majani marefu, likishasimama ardhini ni mpaka. Hakuna anayeuliza, na wajukuu watagombana kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa nataka vituo tu.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala. Mwalimu wetu, mmisionari wa Kimarekani, alitufundisha sofboli shuleni, na alipoondoka akatuachia rungu moja na mpira mmoja mnene kama danzi. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa rungu, halafu anakimbia kituo hadi kituo mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Niliupenda papo hapo. Mimi ambaye nikitumwa Moshi mjini naanza kuumwa tumbo tangu jana yake, nimepata mchezo ambao bingwa ni anayerudi nyumbani!

Sehemu tambarare ilikuwa moja tu: nyasi za ng'ombe za bibi jirani, mjane ambaye kihamba chake, shamba la ukoo, kilipakana na chetu. Alituruhusu tucheze akishazikata. Vituo vya mawe vilitung'oa kucha. Vya magunia vilisombwa na mvua. Basi bibi alipokwenda Kahe kumsalimia binti yake, nikapata akili. Nikachomeka masale kila pembe, nikarudi zangu kulala. Mvua ikanyesha, yakashika, yakachipua kwa raha zao.

Jumamosi moja vijana wa mjini wakapanda kucheza nasi, watoto wa mafundi na wafanyabiashara wa Kiislamu, fulana safi, ndimi nje kwa ule mlima. Tukawaongoza uwanjani tukiimba. Katikati ya uwanja ameketi bibi, mundu mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi."

"Bibi, hayo masale ni ya mchezo tu."

"Mpaka wa mchezo! Na nikifa, watoto wako watakuja kuchezea shamba langu?"

"Bibi, mimi hata mke sina."

"Kwa akili hizo utampata wapi? Hapa hapachezwi. Leo wala kesho."

Nahodha wa mjini akaninong'oneza, "Kaka, tumepanda mlima wote huu kuja kuangalia nyasi?"

Masikio yakaniwaka moto. Kwetu iko njia moja ya kuomba msamaha ambayo mtu hawezi kuikataa: unampelekea jani la sale. Nami kwa haraka zangu nikang'oa sale zima lililokuwa karibu, la kituo cha kwanza, pamoja na mizizi na udongo wake, nikapiga goti, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Bibi akalitazama. Akanitazama.

"Unaniomba msamaha kwa sale lilelile ulilonidhulumu nalo?"

Akaangua kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamfunguka, nasi sote tukamfuata, hata wageni wasiojua sale ni kitu gani. Halafu akatoa amri: ning'oe yote, niweke vipande vya mgomba badala yake, tucheze leo tu naye akitazama. Akishaona, ndipo aseme kama kutakuwa na siku nyingine.

Jamani, mgomba mbichi unateleza! Kila aliyefika kituoni alikipita kwa makalio. Zamu yangu ya kupiga, nikakosa, nikakosa tena, kisha rungu lenyewe likanichomoka likatua kwenye mikahawa. "Rungu limefika!" wakapiga kelele wa mjini. "Mpira unausubirisha nini?" Nilipoupata hatimaye, nilikimbia, nikakanyaga mgomba, nikaishia ndani ya mfereji wa maji. Kutoka humo mferejini nikabaki kuwapigia wenzangu kelele: "Kimbia! Geuka! Lala chini!" Wakanisikia. Tukashinda.

Tangu hapo nimefundisha mchezo huo mpaka nikawafundisha watoto wa wale wachezaji. Watu hudhani kazi hiyo nilipewa na Mmarekani. Wapi! Ni bibi, siku ileile, alipoinuka, akajikung'uta nyasi, akatoa hukumu mbele ya wageni:

"Hawa wanaokimbia, uwanja nimewapa. Wewe usikanyage tena nyasi zangu. Kaa pale pembeni upige kelele, maana ndiyo kazi pekee unayoiweza."