Mvua ya Vijiti Viwili

Mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu, katika miaka ya hamsini, niliwaahidi wenzangu wa bweni jambo la kipumbavu: kwamba likizo ikiisha nitarudi kutoka kwetu bara, Marani, na shairi litakalowanyamazisha. Aliyecheka zaidi alikuwa kijana wa Mombasa, aliyedai Kiswahili changu kinanuka migomba. Nikaapa mbele ya wote.

Basi kwa wiki tatu nilipanda kilimani kila asubuhi, nimevaa koti, daftari mkononi, nikiusubiri uzuri uje unipe habari zake. Ukungu ulikuwepo bondeni, wimbi limeiva mashambani, ndege hawana mfano. Mimi nilikuwa nikihesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule, ng'ombe wa jirani wakinitazama kwa huruma. Daftari lilipata doa la chai, basi.

Zilipobaki siku mbili, mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, aliniita shambani kwake. Alikuwa amechimba kishimo kando ya kichuguu na kukifunika kwa majani ya migomba. Karibu na kishimo hicho alikuwa amepigilia kigogo ardhini. Kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha, na watu wa kwetu walijua zamani kwamba kigogo kikigongwa vizuri, wadudu hudhani imenyesha. Lakini mkono wake ulikuwa umeteguka, akanipa vijiti viwili.

"Haya msomi, gonga. Si unashinda huko juu bila kazi?"

Nikagonga mara nane, nikatua. Nane tena, nikatua.

"Nani huyo anabisha hodi kwa Mzungu?" akauliza. "Mwanangu, unahesabu!"

"Ndiyo, mama. Nahesabu."

"Mvua gani inahesabu? Hao walioko chini hawajasoma, lakini mvua wanaijua."

Akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima. "Kwanza matone, yale ya kukukumbusha nguo kambani. Nyamaza. Matone tena. Sasa ije yote. Iache iende kwa jirani, kisha irudi."

Sijui niligonga kwa muda gani. Jua lilikuwa likituchoma visogoni. Ghafla ardhi ikaanza kutetemeka kama ngozi ya ng'ombe aliyeguswa na inzi, halafu chini ya majani kumbikumbi wakamiminika kishimoni, mamia kwa mamia, mabawa yakimetameta. Niliacha kugonga. Ulimwengu mzima wa chini ulikuwa umeniamini.

"Usisimame, wewe!" mama mdogo akafoka, akiwazoa kwa ungo. "Utawaambia nini, kwamba ulikuwa mzaha?"

Sikuandika hata mstari mmoja. Likizo ikaisha, na jioni niliyorudi bwenini wenzangu walikuwa wamekaa vitandani wakinisubiri.

"Haya, mshairi. Tunyamazishe."

Nikaokota penseli mbili, nikaanza kugonga meza. Matone. Kimya. Matone. Wakacheka. Nikaendelea mpaka ikaja yote, ikaenda kwa jirani, ikarudi. Kicheko kilikwisha bila mimi kujua kilikwisha lini.

Kisha kijana wa Mombasa akainuka, akaenda dirishani kuangalia shati lake kambani.