Sabasaba ya Mwishehe

Mume wangu ni fundi kompyuta pale Mkuza, Kibaha, na niseme ukweli, kwa ufundi sina la kumlaumu. Mwishehe akikuambia mashine imekufa, ujue imekufa. Ila ana ugonjwa mmoja: hapendi kelele za wateja. Ugonjwa huo ndio uliotufikisha hapa.

Kompyuta za steshenari yake zinatumia Linux, maana virusi vya flashi za watu vilimchosha. Sasa Linux ina adabu zake. Ukichomeka flashi inafunguka yenyewe, lakini inamfungukia yule tu aliyeingia kwa jina lake wakati huo. Mwingine akija kwa jina jingine, anaambiwa hana ruhusa. Wateja wakawaka. Eti fundi, mashine yako inaninyima ruhusa ya flashi yangu mwenyewe? Siku moja akachoka, akaingia kwenye mipangilio akaandika namba za ruhusa, saba tatu. Maana yake, kila flashi itakayochomekwa, yeyote asome, aandike, afute. Nilipomuuliza alinicheka.

"Mama Fadhila, nimewawekea Sabasaba. Siku ya maonyesho, geti wazi, kila mtu aingie."

Mwaka mzima hatukusikia kelele.

Mama yake, Bi Mwanahalima, anaishi Marui, Kisarawe. Nyuma ya nyumba kuna makaburi kumi na tisa ya ukoo, hayana jiwe wala maandishi. Majina ya marehemu Mwishehe anayajua. Asichojua ni nani kalala wapi. Hilo alilijua mama peke yake. Mwaka jana, watu wa barabara walipoanza kupita wakipima, alimtembeza mama kaburi kwa kaburi, simu mkononi inarekodi. Mama akawa anataja: huyu fulani binti fulani, ndui ilimchukua, huyu kaka yako aliyekutangulia, hakufikisha siku arobaini. Dakika hamsini kasoro. Wiki tatu baadaye mama akapigwa na kiharusi, maneno yakakatika.

Nilimwambia ayaandike kwenye daftari. Wallahi nilimwambia. Akajibu nitaandika, nitaandika. Simu ilipojaa akahamishia sauti ile kwenye laptop ya nyumbani, akalifunga faili kwa namba za ruhusa, lisomwe tu, lisifutike. Laptop ilipoanza kuzimika hovyo akalinakili kwenye flashi, na wiki hiyo hiyo laptop ikafa kabisa. Ikabaki flashi. Mtu yule yule anayewaimbia wateja kila siku waweke nakala mbili.

Barua ya watu wa barabara ikaja. Makaburi yanahamishwa Jumatatu. Kila familia ilete orodha, kaburi na jina lake, ili kila marehemu apate kaburi lake kule wanakohamishiwa. Wasiojulikana watazikwa pamoja, shimo moja.

Alhamisi asubuhi Mwishehe akachomeka flashi dukani ili asikilize na kuandika. Hajaanza, akaitwa ofisi ya jirani, printa imekwama na watu wamejaa. Akatoka kwenye jina lake, flashi akaiacha pale pale. Moyoni alikuwa na amani, faili si amelifunga mwenyewe?

Akaja Mwalimu Badru, mteja wetu wa siku zote, akaingia kwa jina la wateja na kuchomeka flashi yake. Zote mbili hazikupewa jina, zinafanana kwenye kioo. Akafungua ile ya kwanza, akaona sauti asiyoitambua, akadhani ni mambo ya wanafunzi. Akafuta. Kisha akajaza video za masomo mpaka nafasi ikaisha.

Nilikuwa nimeleta chakula cha mchana Mwishehe aliporudi. Alisimama nyuma ya kile kiti, akaangalia kioo, akauliza sauti ya mama iko wapi.

"Nimefuta kawaida tu, fundi," Badru akasema. "Haikunikatalia."

Ingekataaje? Kufuli lile lilibaki kwenye laptop iliyokufa. Flashi hizi za kawaida hazina pa kutunzia kufuli. Kompyuta inayozipokea ndiyo inayoamua nani afanye nini, na ya kwake aliiambia mwenyewe, wote waingie. Anayajua hayo. Anawafundisha wenzake.

Siku mbili hakula, anachokonoa flashi ile. Alichokiokota ni sekunde nne: sauti ya mama ikisema "na huyu hapa", halafu mwalimu wa hesabu anaanza kueleza sehemu. Akairudia, na huyu hapa, na huyu hapa, mpaka nikamwomba azime. Nilikuwa na hasira naye ya kumtupia sufuria. Alipokaa sakafuni akalia, hasira ikanitoka, nikabaki naogopa tu.

Jumapili tukaenda Marui. Mama alikuwa kwenye mkeka, akatupa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Haya."

Neno ambalo kiharusi kilimwachia ni hilo moja tu. Mwishehe akambeba mgongoni, mimi nikashika daftari, tukaingia makaburini. Akaanza na kaburi la baba yake, analolijua.

"Mama, huyu ni baba?"

"Haya."

La pili. "Huyu ni bibi Mwanaidi?"

"Haya."

Nikaandika. La tatu, haya. La nne, haya. Uso wa mume wangu ukaanza kurudi, hatua zikawa nyepesi, na mimi kalamu inakimbia, namshukuru Mungu kimoyomoyo. Tulipomaliza la tisa akasimama ghafla mbele ya la kumi. Kisha akageuza shingo kidogo kumwelekea mama, akauliza taratibu mno:

"Mama, na huyu hapa ni Mwishehe?"

Mama akamlaza shavu begani.

"Haya."

Nilikuwa nimeshaandika majina tisa.